Kuigawa programu kubwa ya Rails: maswali yenu

Programu yetu ya Rails, mfumo wa kujenga programu za wavuti kwa lugha ya Ruby, imekuwa kubwa mno. Tuivunje iwe huduma ndogondogo?

Ndugu zangu, msikimbilie huko. Oda zikikaa seva moja na malipo seva nyingine, metodi iliyokuwa ikiitwa papo hapo inageuka ombi la mtandao linaloweza kuchelewa au kupotea. Ule muamala mmoja wa hifadhidata uliorudisha kila kitu nyuma palipotokea hitilafu, hamnao tena. Shopify, kampuni ya mfumo wa maduka ya mtandaoni iliyokuwa na mistari zaidi ya milioni 2.8 ya Ruby mwaka 2020, ilibaki na programu moja kuu na kuipanga upya kwa ndani.

Tuanzie wapi?

Kwenye folda. Rails hupanga faili kwa aina, modeli (klasi za data) huku, kontrola (klasi zinazopokea maombi) kule. Zipangeni kwa kazi: oda, malipo, usafirishaji.

Packwerk au injini za Rails?

Mimi ningeanza na Packwerk, chombo kilichotolewa na Shopify mwaka 2020. Kinasoma msimbo bila kuuendesha. Kila kifurushi, yaani folda ya kazi moja kama oda, kina faili ya package.yml inayotaja vifurushi kinavyovitegemea, na anayevuka mpaka anaonywa. Makosa ya zamani yanaorodheshwa kwenye package_todo.yml, kwa hiyo mnaweza kuanza leo hata kama msimbo umevurugika. Injini ni programu ndogo ya Rails inayoishi ndani ya kubwa; ina ruti na majaribio yake, lakini kuihamisha ni kazi nzito; iwekeni kwa sehemu iliyokwisha tulia. Na injini yenyewe haimzuii mtu kuita modeli ya nje.

Packwerk hailalamiki, ila kila badiliko bado linagusa kila mahali. Kwa nini?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Packwerk hufuatilia majina ya klasi na moduli, haisomi SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Msimbo wa oda ukiunganisha jedwali la malipo kwa SQL ya mkono, mpaka umevunjwa na hakuna aliyeonywa. Kila jedwali liwe na kifurushi kimoja kinacholimiliki, wengine wapitie metodi zake za hadharani. Kisha kagueni after_save zenu (msimbo unaojiendesha kila rekodi inapohifadhiwa), hasa za modeli ya User: mara nyingi humo ndimo vifurushi vimefungamana.

Oda inategemea malipo, malipo nayo yanategemea oda. Nitoke vipi?

Malipo yasiijue oda kabisa. Yakikamilika, yatangaze tukio kwa ActiveSupport::Notifications, na oda isikilize. Kumbuka tu kwamba msikilizaji huendeshwa papo hapo, hivyo kazi ndefu ipeleke kwenye Active Job, sehemu ya Rails ya kazi za nyuma ya pazia.