Jibu: Kumtania rafiki kwenye sherehe yake ya miaka 40

Ndugu, umeuliza utamtania vipi rafiki yako mbele ya watu bila kumuumiza. Chagua tabia yake moja tu, ile ambayo kila aliyemo ukumbini anaijua na yeye mwenyewe huicheka. Kama ni mchelewaji, usiseme tu "huyu huchelewa sana". Simulia ile siku alipokwambia kwenye simu kwamba yuko njiani, huku ukisikia maji ya bafuni yakimwagika. Kisa kimoja cha namna hiyo kinashinda sifa kumi za jumla. Neno la kuchekesha liweke mwishoni mwa sentensi, kisha nyamaza. Wengi hukosea hapo: wanaendelea kuongea watu wakiwa bado wanacheka, na utani unaofuata hausikiki.

Madeni, ndoa iliyovunjika, maradhi, maumbile: viache kabisa, hata kama yeye huvitania mkiwa wawili. Mbele ya wakwe mambo ni mengine. Ukiwa na shaka na kisa fulani, muulize mwenzi wake mapema.

Dakika 4 zinatosha kwa hotuba yako, yaani kama maneno 500. Isome kwa sauti nyumbani ukitazama saa. Ukumbini mtazame yeye usoni, maana uso wake ndio utakaokuambia uendelee au uruke kisa kinachofuata. Kuelekea mwisho, tuliza sauti umwambie jambo moja alilokutendea ambalo hujawahi kumshukuru hadharani. Hapo usitie mzaha hata kidogo. Waombe watu wampigie makofi, kisha ukae.