Kujitengenezea Vifaa vya Kufungulia Kufuli: Ushauri kwa Anayeanza

Mtu anayeanza kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo, kama burudani ya mikono na akili, kwa kawaida huuliza kwanza kuhusu umbo la kichokoo, yaani kile chuma chembamba kinachoingizwa kwenye tundu la ufunguo ili kuinulia pini: ncha yake iwe ndoana, iwe ya mawimbi, au iwe ya pembetatu. Mimi nilianzia hapohapo, nikachonga maumbo manane kabla sijafungua hata kufuli moja. Leo ningemshauri aanze na mambo mawili yasiyovutia macho, yaani chuma chenyewe na kile kipande kidogo kinachokaza kiini cha kufuli, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za mwanzoni huharibikia.

Kufuli la pini, ambalo muundo wake wa kisasa ulitokana na hataza za Linus Yale Mdogo nchini Marekani katika miaka ya 1860, lina kiini kinachozunguka ndani ya mwili wake, na pini zilizopangwa mbili mbili, ya chini na ya juu, zinazosukumwa na springi ndogo ili kukizuia kisizunguke. Ufunguo wa kufuli hilo huinua kila jozi mpaka pale pini mbili zinapokutana palingane sawasawa na ukingo wa kiini. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yaliyonyooka kikamilifu, ukikikaza kiini kidogo, yaani ukikisukuma taratibu kana kwamba unakizungusha, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Ukiiinua hadi mahali pake, kiini hujongea kiasi kidogo mno, kisha pini nyingine hubanwa kwa zamu yake. Mjongeo huo hauonekani kwa macho, bali hufika kwenye vidole kupitia chuma ulichokishika, na chuma kinachopinda ovyo huumeza kabla haujakufikia.

Ndiyo maana kibanio cha karatasi hakifai kuwa kichokoo, ingawa wengi huanzia hapo. Kibanio cha nywele ni kigumu zaidi na kinaweza kufungua kufuli rahisi, lakini ncha yake huchoka upesi. Nyenzo ninayoipendekeza kwa mtu asiye na karakana ni zile tepe mbili za chuma kisichoshika kutu zinazokaa ndani ya mpira wa wipa ya gari, ambazo hutupwa pamoja na mpira unapochakaa. Nywele za chuma zinazodondoka barabarani kutoka kwenye mashine za kufagilia ni nzuri pia, kwa kuwa ni chuma cha springi. Bapa la msumeno wa kukatia chuma huchongeka likawa kichokoo imara, ila mara nyingi ni nene na baadhi huvunjika badala ya kupinda, kwa hiyo lisiwe la kwanza. Kuhusu unene, milimita 0.6 hivi hutosha kwa makufuli mengi, na ukishuka hadi karibu 0.45 utaingia kwenye tundu jembamba zaidi, lakini ukubali kwamba kichokoo kitakuwa laini mkononi.

Kikazio, yaani kile kipande kidogo cha kukazia kiini, ndicho kinachostahili muda wako mwingi. Kata kipande cha tepe ya wipa, kibane kwenye jiliwa, kisha ukikunje polepole kwa koleo kiwe na mguu mfupi usiozidi sentimita moja, huku ukiacha kona iwe na mviringo kidogo, kwani kona kali ndiyo inayopasuka. Baada ya hapo chonga mguu huo kwa tupa, ukiujaribu kwenye tundu la ufunguo kila mara, mpaka ukae bila kuchezacheza na bila kuziba njia ya kichokoo. Kikazio kinacholegea hukudanganya: unadhani pini imekaa, kumbe ni chenyewe kilichoteleza.

Katika kuchonga kichokoo, adui mkubwa ni joto. Nilipata kuharibu vichokoo kadhaa vya chuma cha springi kwa grinda kabla sijaelewa kwamba rangi ya buluu inayojitokeza kwenye ukingo ni dalili kwamba chuma kimefikia karibu nyuzi 300 za Selsiasi na kimeanza kupoteza ugumu wake. Gusisha jiwe kwa muda mfupi, chovya kwenye maji, rudia, na ushike kipande kwa vidole vitupu, kwa kuwa vidole vitakuonya mapema kuliko macho. Macho yenyewe yavikwe miwani ya kinga. Tupa ya mkono ni ya polepole lakini haiunguzi chuma, nami ninaipendelea kwa milimita za mwisho. Malizia kwa msasa, kuanzia namba 220 hadi 600 au 1000, ukisugua kufuata urefu wa kichokoo, maana mikwaruzo inayokatiza shingo huwa chanzo cha kuvunjika, na ncha isiyosuguliwa hukwangua pini za shaba.

Alfred Charles Hobbs, aliyelifungua kufuli la Bramah jijini London mwaka 1851 baada ya saa zipatazo 51 zilizogawanywa katika siku 16, alitumia vifaa vilivyoandaliwa mahususi kwa kufuli lile. Nawe chonga kwa kulifuata kufuli lililo mbele yako, na liwe mali yako au umepewa ruhusa na mwenyewe, wala lisiwe kufuli linalotumika, kwani pini au springi ikiharibika mlango hautafunguka hata kwa ufunguo. Sheria za kumiliki na kubeba vifaa hivi hutofautiana baina ya nchi na nchi. Zisome kabla hujatoka navyo nyumbani.

Kwa jaribio la kwanza, tafuta kufuli linalofumuliwa, uondoe pini zote isipokuwa jozi ya nyuma kabisa. Ingiza kichokoo bila kikazio, uiinue pini hiyo na kuiachia, na usikilize kama springi inairudisha kwa uhuru. Shingo ya kichokoo ikigusa ukuta wa tundu kabla ncha haijaifikia pini, bado ni pana; irudishe kwenye tupa.