Swali la Lugha: mbavu za kale zina "alama za mkato", "chale" au "makovu"?

SWALI: Ninaandika makala kuhusu mbavu za watu wa kale zilizopatikana katika pango la Gran Dolina, Uhispania, ambazo zina alama zilizoachwa na zana za mawe. Mimi nimeziita "alama za mkato", mwenzangu anashikilia "chale", na mwalimu wetu anapendelea "makovu". Ni lipi lililo sahihi?

JIBU: Ningekushauri uyaache yote matatu na uandike "alama za kukatwa".

Tuanze na lako. Aliyefundishwa uakifishaji anaujua mkato kuwa ile alama ndogo inayotenga maneno ndani ya sentensi, kwa hiyo anaposoma "alama za mkato" jambo la kwanza kumjia akilini ni karatasi, si mfupa. Kauli ya kutendwa katika "kukatwa" inaondoa utata huo, kwani mfupa haukukata bali ulikatwa. Msomaji akishazoea, unaweza kufupisha na kuandika "mikato".

Chale huchanjwa kwa makusudi juu ya ngozi ya mtu aliye hai, ama kwa tiba ama kwa urembo. Ukiandika kwamba mtu alikuwa na chale ubavuni, msomaji atamwona mganga na wembe wake. Tena "ubavu" ni mfupa na pia ni upande mzima wa kiwiliwili, ndiyo maana nakuomba, angalau mara ya kwanza, uandike "mfupa wa ubavu".

Neno "kovu" ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu linapotosha ushahidi wenyewe. Kovu ni dalili ya jeraha lililopona. Mfupa wa mtu aliyejeruhiwa akaishi huota upya, na kingo za mahali palipokatwa huwa butu. Kingo zikiwa bado kali, bila dalili yoyote ya kupona, wachunguzi huelewa kwamba mfupa ulikatwa mtu akifa au baada ya kufa. Ukiziita alama hizo makovu, umemwambia msomaji kwamba mtu yule alipona.

Kwa sababu iyo hiyo, jihadhari na kitenzi "kuchinja". Mbavu za Gran Dolina ni za zamadamu walioishi takriban miaka 800,000 iliyopita, ambao mwaka 1997 walipewa jina la kisayansi Homo antecessor, na alama zao huelezwa kuwa ni za watu walioliwa na wenzao. Hata hivyo, alama ya ubavuni haisemi mtu aliuawaje. Inachoweza kuonyesha ni kazi iliyofanyika baadaye, na kazi hiyo Kiswahili kina vitenzi vyake: alama zilizo upande wa nje wa ubavu huashiria kuondoa mnofu, zilizo karibu na kichwa cha ubavu, pale unapoungana na uti wa mgongo, huashiria kutenganisha viungo, na zilizo upande wa ndani huashiria kutoa matumbo na viungo vingine vya ndani. Utazame ubavu wa mbuzi uliotoka buchani, baada ya kuuchemsha na kuuondolea nyama yote: utaona mistari myembamba, mara nyingi ikienda sambamba, mahali kisu kilipogusa mfupa.

Mistari hiyo usiichanganye na mikwaruzo. Mkwaruzo huachwa na mchanga au kwato za wanyama wakikanyaga, nao huwa wa juujuu na hauna mwelekeo maalumu, ilhali aliyekata kwa jiwe kali huacha mfereji mwembamba wenye umbo la V. Alama za meno ni jambo la tatu. Alama za aina tofauti zinaweza kukutana katika mfupa mmoja: kipande cha muundi wa zamadamu kilichopatikana Koobi Fora, Kenya, mwaka 1970, chenye umri wa miaka milioni 1.45, kilielezwa mwaka 2023 kuwa na alama 11, na kati yake 9 ni za kukatwa kwa zana ya jiwe na 2 ni za meno ya mnyama, huenda simba.

Kuhusu upatanisho, ni "ubavu huu umekatwa" na "mbavu hizi zimekatwa". Sentensi yako ya kwanza, basi, isomeke hivi: "Mifupa kadhaa ya mbavu za zamadamu wa Gran Dolina ina alama za kukatwa kwa zana za mawe."