Maswali ya Wasomaji: Je, kudai hesabu za huduma ni kukosa imani?

SWALI: Mhariri, kila mwezi huwa nachangia kwa njia ya simu shirika la hapa nchini linalotetea imani ya Kikristo kwa mihadhara na vitabu. Mwanzilishi ndiye mhubiri na mwenyekiti wa bodi, na mkewe ndiye mtunza hazina. Nilipoomba taarifa ya hesabu zilizokaguliwa, niliambiwa kwamba mpakwa mafuta wa Bwana hakaguliwi na wanadamu. Je, nimekosea? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Hujakosea hata kidogo, ndugu yetu, na jibu ulilopewa linakwenda kinyume cha Maandiko yenyewe. Katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, Mtume Paulo anaeleza kwamba katika kuhudumia changizo lililokusanywa kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu aliambatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asitokee mtu wa kuwalaumu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Ikiwa mtume alitaka shahidi, mhubiri wa leo hana sababu ya kumkataa.

Hasara ya kukataa mashahidi ilionekana wazi katika shirika la Ravi Zacharias, mzaliwa wa India aliyesifika duniani kote kwa utetezi wa imani. Shirika hilo, alilolianzisha mwaka 1984 na ambalo makao yake makuu yalikuwa Atlanta, Marekani, lilibeba jina lake, na alipofariki Mei 2020 alikuwa amekwisha kumrithisha binti yake uongozi. Februari 2021 bodi ilitoa ripoti ya mawakili iliyothibitisha kwamba kwa miaka mingi aliwadhalilisha kingono wanawake waliokuwa wakimkanda mwili, na kwamba sehemu kubwa ya malipo yaliyotumwa kutoka fungu la misaada ya kibinadamu iliwafikia wanawake wanne waliowahi kumpa huduma hiyo. Hebu fikiria mjane aliyejinyima ili atoe sadaka yake kwa ajili ya maskini.

Dalili zilikuwepo mapema. Alitambulishwa kama Daktari ilhali shahada zake za uzamivu zilikuwa za heshima tu, na wasifu wake ulisahihishwa baada ya watu wa nje kuhoji. Majina ya wajumbe wa bodi hayakutangazwa. Tangu mwaka 2015 shirika lilitambuliwa kisheria kama taasisi ya kikanisa, hivyo halikulazimika tena kuwasilisha serikalini ile taarifa ya fedha ya kila mwaka ambayo mwananchi yeyote wa Marekani anaweza kuisoma. Mwaka 2017 mwanamke mmoja alipomlalamikia, shirika lilimtetea mwanzilishi, na miaka mitatu na zaidi ikapita kabla ya bodi kukiri kwamba ilikosea kutomwamini. Hilo ndilo linalotuuma kuliko yote, kwa sababu wakati wote huo michango iliendelea kuingia.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza habari za fedha, uliza kwanza shirika lako limesajiliwa chini ya sheria gani. Kama ni asasi isiyo ya kiserikali, Sheria ya mwaka 2002 inaitaka iandae kila mwaka taarifa ya shughuli zake, iliyo wazi kwa umma, pamoja na ripoti ya ukaguzi wa hesabu, na unaweza kufuatilia kwa Msajili. Kama ni jumuiya ya kidini, usajili wake uko Wizara ya Mambo ya Ndani, na hapo itakubidi uisome katiba yao uone mwanachama ana haki gani. Vyovyote iwavyo, mume kuongoza bodi na mke kushika hazina ni mpangilio usiofaa hata kama wote wawili ni waaminifu, kwani hakuna anayebaki wa kuwasimamia.

Andika barua kwa bodi nzima, si kwa mwanzilishi peke yake, ukiomba majina ya wajumbe, jina la mkaguzi wa nje na ripoti yake ya mwaka uliopita, kisha ubaki na nakala. Wape muda wa kutosha. Wakikujibu kwa vitisho vya laana, sitisha mchango wako, na sadaka hiyo uipeleke usharikani kwako, mahali ambapo mapato na matumizi husomwa mbele ya waumini.