Video imetazamwa mara 412,000, kwenye akaunti kuna dola 85

Jumapili iliyopita nimepata meseji ya kijana mmoja wa Nakuru, ana bendi ya rock, wako watano, anauliza, "Kaka, video yetu ya YouTube imefika watazamaji 200,000, kalkuleta ya mtandaoni inasema tunaweza kuwa tumeingiza mpaka dola 800, sasa tuchukue amplifaya kwa mkopo ama tungoje?" Niliisoma mara tatu. Usingizi haukunijia vizuri siku hiyo, manake hilo swali ni langu mimi mwenyewe, nilikuwa nalo mwaka 2021, ila mimi sikumuuliza mtu. Nilienda nikakopa.

Mdogo wangu, ngoja nikueleze yaliyotupata, halafu utaamua.

Sisi tulikuwa wanne na mimi ndo nilikuwa kwa besi. Video tuliipigia Kamukunji, Nairobi, pale katikati ya mafundi wa jua kali wanaogonga masanduku ya bati na sufuria. Mpiga dramu wetu alikaa nao siku mbili nzima anasikiza tu, mpaka akazijua zile nyundo zinaingiaje, kwa hivyo wimbo unaanza na mafundi wenyewe wanagonga, dramu zinapanda juu yao, ndo gitaa linakuja. Nimepiga muziki miaka kumi na moja na sijawahi kushika kitu kizuri kama kile, na hilo nitalisema popote.

Wiki mbili za kwanza tulitazamwa na marafiki na mashangazi. Ya tatu mtu akaitupa kwenye magrupu ya WhatsApp na ikawaka, tunaamka tunakuta elfu ishirini zimeongezeka usiku, nikikaa kwa matatu nasikia nyundo zetu kwenye simu ya mtu nisiyemjua. Ilipofika 412,000 nikaenda kwenye moja ya zile kalkuleta za mtandaoni, nikaandika jina la chaneli, ikaniambia kati ya dola 103 na dola 1,648.

Unajua nilisoma namba gani. Ile ya 103 hata sikuiona. 1,648 kwa bei ya dola ya wakati ule ilikuwa kama shilingi 178,000, na mimi nikaenda kwa mamangu, mamangu akaenda kwa chama chake cha kuweka na kukopa akanidhamini, nikapewa 120,000. Tukanunua amplifaya mbili na seti ya dramu ya mtumba. Nilimwambia mama, miezi miwili tu.

Sasa hiyo namba inatoka wapi? Hizo kalkuleta hazioni akaunti yako hata kidogo, zinachukua idadi ya kutazamwa zinazidisha kwa makisio, robo dola kwa kila elfu kwa chini na dola nne kwa juu, ndo maana kati ya namba mbili pengo ni kubwa hivyo. Haijui video yako iliwekwa matangazo ama haikuwekwa. Haijui watu wako wako Eastleigh au wako Texas, na mtangazaji analipa hela nyingi zaidi kumfikia mtu wa Texas. Haijui kama chaneli ni yako.

Na kubwa kuliko yote, haijui ulianza kulipwa lini. Hapa ndo tulipoumia. YouTube wakati ule walitaka uwe na sabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo wakuingize kwenye malipo. Saa tulizipita mapema sana, lakini sabskraiba tulikuwa nao 340, kwa sababu mtu akitumiwa linki kwa WhatsApp anatazama, anacheka na mafundi, anatoka, hana habari ya kubonyeza chochote. Tukaanza kuwaomba watu mmoja mmoja, kwenye shoo, kanisani, kazini. Tulipofika elfu moja na kukubaliwa, 290,000 zilikuwa zimeshapita, na zilizopita hazilipwi, hakuna kurudi nyuma. Hela ilianza kuhesabiwa kwenye zile 122,000 za mwisho, ambazo zilikuja polepole miezi na miezi. Tulikuwa tunapata kama senti 70 za dola kwa kila elfu.

Piga mwenyewe. Dola 85. Na hizo 85 hukuweza kuzigusa, manake Google hawatumi mpaka ufikishe 100.

Mpiga dramu wetu hakuamini. Alikuja kwangu Kayole jioni, akafungua ile kalkuleta ile ile, akagawanya kwa nne, akaniuliza dola zake 412 ziko wapi. Nikamfungulia akaunti yenyewe, nikamwonyesha. Akasema skrinishoti zinatengenezwa. Nikamwambia hii si skrinishoti, shika simu wewe mwenyewe. Hakushika. Mtu niliyekula naye sahani moja miaka sita. Wiki ile ile akaondoka na bendi ikaishia hapo, na mimi nikauza besi yangu kumalizia deni la chama, kwa sababu mama alikuwa ameacha kwenda mikutanoni akiona aibu. Hilo la mama bado linaniuma kuliko la bendi.

Kwa hivyo vijana wenzangu, nawaomba, acheni kuzidisha idadi ya watazamaji kwa namba ya mtu mwingine. Ukishakubaliwa, ndani ya YouTube Studio, pale mwenye chaneli anapoona hesabu zake, kuna kitu kinaitwa RPM, hiyo ndo namba yako, inakwambia umebaki na kiasi gani kwa kila elfu baada ya YouTube kuchukua chao, asilimia 45 ya hela ya matangazo kwa video za kawaida. Usichanganye na CPM, hiyo ni ya mtangazaji, anacholipa yeye. Wengi wanachukua CPM wanazidisha wanafurahi. Chukua RPM, izidishe na za baada ya kukubaliwa tu, toa kodi, manake tangu Juni 2021 sehemu ya hela inayotokana na watazamaji wa Marekani inakatwa kodi ya kwao, na Kenya haina mkataba nao wa kutupunguzia, na usipojaza ile fomu ya kodi wanaweza kukata asilimia 24 ya kila kitu. Halafu ndo ugawanye na wenzako. Na Januari namba inashuka kwa sababu watangazaji wamemaliza bajeti Desemba, usishtuke ukadhani umeibiwa.

Kuna wanaonijibu kila siku, "mbona bendi kubwa zinatajirika YouTube?" Haya, tuichukue Guns N' Roses, bendi ya rock ya Marekani. November Rain ni video ya mwaka 1992, na 2018 ilifika bilioni moja, ya kwanza kufika hapo kati ya video zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2000. Tuseme tu kila elfu iliacha dola moja. Hiyo ni dola milioni moja, na hapo lebo, yaani kampuni ya kurekodi, haijakula, wenye haki za utunzi hawajakula, meneja hajakula. Sasa ile ziara yao waliyoanza 2016 mpaka 2019 iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 580. Linganisha mwenyewe. Wale jamaa hela yao iko jukwaani, na video ndo inayojaza uwanja.

Nasi tungelijua hilo tungefanya nini? Wiki ile tunawaka, watu watatu walitupigia simu kutuita shoo, mmoja wa Kisumu, mmoja wa Mombasa nyumbani kwetu kabisa, na sisi tukawaambia ngojeni tununue vyombo kwanza. Tungeenda na vyombo vya kuazima! Jua likiwaka ndo unaanika. Shoo moja ya Mombasa ingelipa zaidi ya zile 412,000 zote na hakuna kalkuleta ingetuambia hivyo.

Kwa hivyo wewe wa Nakuru, amplifaya usikope. Nenda kaangalie tarehe mliyokubaliwa, angalia RPM, na angalia chaneli iko kwa jina la nani, kama ni ya huyo jamaa aliyewapigia video basi hela ni yake mpaka mkae chini muandikiane. Hayo matatu fanya leo kabla ya mazoezi, na wenzako wote wanne wawepo, waone kwa macho yao, kila mmoja ashike simu.

Zetu zilivuka 100 mwaka uliofuata, mwezi wa nane. Ziliingia benki tarehe 23, dola 104, benki ikakata chao, nikagawanya mara nne kama tulivyoahidiana mwanzo. Ya mpiga dramu ilikuwa karibu shilingi elfu tatu. Nikamtumia kwa M-Pesa na kumwandikia, "hii ni ya Kamukunji." Tiki mbili zikageuka bluu, hakujibu. Namba yake bado ninayo.