Maktaba ya shule: kitabu cha rejea au intaneti?

Mimi ni mkutubi wa shule huku Eastlands, Nairobi. Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu jambo moja: watoto watafute majibu wapi?

Shule ya mwanangu imetoa ensaiklopidia zote kabatini na kuleta vishikwambi. Tumepata hasara? – Mama, Umoja

Mama, kwanza uliza zilichapishwa mwaka gani. Atlasi ya kabla ya 2010 bado inamwonyesha mtoto mikoa minane wakati tuna kaunti 47. Sudan humo ni nchi moja, ilhali Sudan Kusini ilijitenga Julai 2011. Eswatini bado inaitwa Swaziland. Hata Britannica, iliyoanza 1768, ilitangaza mwaka 2012 kwamba haitachapa tena majuzuu yake. Kutoa kitabu kinachompotosha mtoto si hasara. Hasara ni kama kamusi nazo zimetolewa. Hilo likalalamikie.

Tumepata pesa kidogo. Ninunue vitabu au nilipie intaneti? – Mkutubi, Kayole

Anza na kamusi, ndugu yangu, na usinunue moja. Nakala kumi za Kamusi ya Kiswahili Sanifu, au ile Kamusi Kuu ya BAKITA (baraza la Kiswahili la Tanzania), zitatumiwa na darasa zima kwa pamoja, hata siku tokeni za stima zimeisha.

Nina sababu. Muhula uliopita msichana wa Gredi ya 6 alinijia na kamusi kifuani. "Mwalimu, neno hili halimo." Neno lenyewe lilikuwa *nyufa*. Alikuwa amepekua kurasa zote za N. Nikamwuliza, "Ukiwa na moja tu, unaiitaje?" Akanyamaza, midomo ikichezacheza, kisha akasema polepole: "Ufa." Akarudi kwenye U, akalipata, na pembeni yake akaona limeandikwa wingi wake na ngeli yake, u-/zi-. Baada ya hapo akatafuta *meno* kwenye J na *kuta* kwenye U bila kuniuliza. Simu ingempa maana ya *nyufa* mara moja, na ile safari ya kutoka wingi hadi umoja asingeifunga. Kamusi ya Kiswahili humlazimu mtoto kuijua sarufi kabla ya kufika kwenye maana, na mimi nauthamini sana ugumu huo.

Pesa ikibaki, ndipo ufikirie intaneti.

Kwetu mtandao hukatika kila mara, na bando ni ghali. Tufanyeje? – Mwalimu, Kibra

Mwalimu, kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix. Unapakua Wikipedia yote mara moja mahali penye mtandao mzuri, unaibeba kwenye diski, kisha watoto wanaisoma bila bando. Ile ya Kiingereza pamoja na picha ni kubwa, takribani gigabaiti 100; ya Kiswahili ni ndogo mno na inaingia hata kwenye kompyuta kuukuu. Andika tarehe uliyopakua kwenye karatasi na uibandike juu ya mashine, ili kila anayesoma ajue habari zimefika wapi.

Mwalimu wetu amekataza Wikipedia. Ni mbaya? – Mwanafunzi, Kasarani

Si mbaya, mwanangu, ila usiishie hapo. Teremka hadi chini ya makala uone habari zimetolewa wapi, kisha ufuate huko. Tuseme unaandika kuhusu idadi ya Wakenya. Kitabu kimoja kitakwambia milioni 38.6, kingine milioni 47.6, na vyote ni sahihi: ya kwanza ni sensa ya 2009, ya pili ni ya 2019. Ukinakili nambari bila mwaka wake, hujajibu swali. Ukimwonyesha mwalimu kwamba umeifuata nambari hadi kwa Shirika la Taifa la Takwimu, sidhani atakukatalia.

Na uandike kwa maneno yako. Kazi iliyonakiliwa naitambua kabla sijamaliza aya ya kwanza.

Likizo tunaweza kusoma wapi? – Baba, Buruburu

Hapo hapo kwenu, baba: Buruburu kuna tawi la maktaba ya taifa. Kaloleni na Makadara kuna matawi ya maktaba ya McMillan. Waende asubuhi, maana msimu wa mitihani viti hujaa mapema, na kila mmoja abebe daftari.