Anacheza na baba au anaumizwa? Msomaji anauliza kuhusu shairi

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma fasihi, tumepewa shairi la Mmarekani Theodore Roethke linaitwa "My Papa's Waltz", lile la mtoto anacheza dansi na baba yake usiku. Mi niliandika kwamba baba anampiga mtoto, mwalimu akanikata maksi, pembeni akaandika "unasoma kisichokuwepo". Wenzangu karibu wote wanasema ni shairi la furaha, baba karudi kazini anacheza na mwanawe, basi. Nimelirudia mara nyingi na bado tumbo linanikaza. Niseme tu ukweli, nimelelewa na baba mlevi. Je, nimesoma maisha yangu badala ya shairi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, hujaota. Shairi lilichapishwa 1942 na mpaka leo wasomaji wanabishana hivyohivyo kama mlivyobishana nyie, wengine wanaona mapenzi matupu wengine wanaona mtoto aliye hatarini. Ila mwalimu naye kuna kitu kakiona, nitakifikia.

Kwa wasiolijua, ni beti 4 fupi, mtu mzima anamsemesha baba yake, anamwita "wewe". Baba ananuka wiski mpaka mtoto anashikwa na kizunguzungu, lakini mtoto kang'ang'ania kama kifo. Wanarukaruka mpaka sufuria zinaporomoka kwenye rafu ya jikoni, mama anatazama, uso wake umekunjwa na hauwezi kujikunjua. Mkono uliomshika mtoto una kifundo cha kidole kilichoumia. Mwisho baba anampigia mapigo ya dansi kichwani kwa kiganja kilichogandana udongo, anampeleka kulala huku wanacheza, na mtoto bado kang'ang'ania shati.

Sasa twende ubeti wa tatu, maana ndo penyewe. Kila baba anapokosea hatua, sikio la kulia la mtoto linakwaruzwa na bizimu, kile chuma cha mkanda. Hebu simama karibu na hao watu wawili uwaangalie. Sikio liko usawa wa mkanda, kwa hiyo huyo ni mtoto mdogo kabisa, uso wake uko tumboni kwa baba. Halafu angalia nani anakosea na nani anaumia. Miguu inayokosea ni ya baba, sikio linalochubuka ni la mtoto, na siyo mara moja, ni kila hatua anayokosa. Hapo hakuna aliyeinua mkono kumchapa mtu, lakini maumivu yapo na anayeyasababisha wala hayaoni. Mimi naona shairi zima liko hapo, na ndo maana swali la "alipigwa au hakupigwa" linanisumbua kidogo, manake ukilibana sana unapita juu ya hilo sikio bila kuliona.

Angalia na mkono. Watu wakicheza wanashikana viganja, huyu kashikwa kifundo cha mkono, na mtu akikushika hapo wewe huwezi kumwachia, mpaka yeye akuachie. Hicho kidole kimeumiaje? Shairi halisemi. Inaweza kuwa kazi, inaweza kuwa ngumi ilitua mahali fulani. Lisiposema na wewe usiseme, andika kwamba limenyamaza, na kwamba kunyamaza kwenyewe kunamtia msomaji shaka. Mama vilevile, hana neno hata moja. Wengine wanasema kakasirikia sufuria tu, inawezekana, lakini uso unaoshindwa kujikunjua mimi unaniambia hii siyo mara ya kwanza.

Kuna jambo la lugha lazima niliseme hapa, sijui mlilisoma kwa Kiingereza au kwa tafsiri. Kitenzi cha pale baba anapopiga mapigo kichwani, kwa Kiingereza ("beat"), ndo kilekile cha kumpiga mtu, na msomaji wa Kiingereza anashtuka. Kwetu "piga" inafanya kazi zote, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, kwa hiyo ukisoma "ananipigia mapigo kichwani" unaweza kupita tu bila kuhisi kitu. Labda wenzako walipita hapo. Usipite.

Na mdundo nao unasema. Walzi, ile dansi iliyo kwenye jina la shairi, inakwenda tatu tatu, na mishororo ya hili shairi nayo ina mikazo mitatu mitatu, yaani silabi tatu zinazotamkwa kwa nguvu, mingi ni ya silabi 6, lakini mitano inazidi silabi moja, kama mtu aliyekunywa anayumba halafu anajirudisha. Ubeti wa kwanza unayumba mara mbili, na ule wa sikio pia mara mbili. Sidhani ni bahati mbaya.

Haya, upande wa wenzako. Neno la Kiingereza analotumia kwa kurukaruka ("romped") ni la michezo ya watoto, na jina analompa baba kwenye kichwa cha shairi, "Papa", ni la mtoto anayependa. Ule udongo kiganjani pia una maana yake. Baba yake Roethke alikuwa mkulima wa maua kwenye mabanda ya vioo huko Saginaw, Michigan, alikufa 1923 mshairi akiwa na miaka 14. Kwa hiyo anayeambiwa "wewe" anafanana sana na mtu asiyeweza kujibu tena, na hiyo inaleta huruma kubwa. Lakini maisha ya mshairi yasikukatie kesi, anayesema ndani ya shairi ni nafsi neni, yaani msemaji wa shairi, si lazima awe mshairi mwenyewe, na ushahidi wako uko kwenye mishororo.

Sasa mwalimu. Kama uliandika "baba anampiga mtoto" basi hapo ulivuka mpaka, na maksi zilipokatwa alikuwa na haki. Ila "unasoma kisichokuwepo" sikubaliani nayo, kwa sababu hofu ipo, maumivu yapo, pombe ipo, nguvu za mkubwa juu ya mdogo zipo. Ulichoongeza ni tendo.

Na hilo la kujisoma mwenyewe, mdogo wangu, lisikutie aibu. Wanaoona furaha tupu nao wametoka kwenye nyumba zao, mbona wao hawaulizwi? Uliyopitia yalikupeleka moja kwa moja kwenye bizimu, wengine inawachukua wiki kuliona. Kazi iliyobaki ni kumwonyesha mwingine kwa maneno ya shairi ili na yeye afike. Mambo ya nyumbani kwenu si lazima uyaweke kwenye insha, hayo mweleze mtu unayemwamini, na tumbo likiendelea kukaza tafuta mshauri nasaha uongee naye, usikae nayo peke yako.

Insha ianzie mshororo wa mwisho, kwenye shati. Ukipoteza mizani unashika kilicho karibu, na kwa huyu mtoto kilicho karibu ni mtu yuleyule anayemyumbisha, ambaye pia anampenda. Vyote viwili viache hapo, usifute kimoja. Halafu mpelekee mwalimu, mwombe akusomee upya.